Sentensi Moja ya Modogashe: Rekodi za Mashine Zinazogeuza Maneno Kuwa Video

Chukua sentensi hii: Mama anamimina maziwa ya ngamia kando ya barabara Modogashe, jua likizama.

Ni maneno 11. Aliyewahi kusafiri kutoka Isiolo kwenda Wajir haulizi swali. Picha inamjia yenyewe. Anaiona njiapanda ambapo barabara ya Garissa hukutana na ile ya Isiolo, lori limepumzika, mitungi ya plastiki ya manjano imepangwa kivulini, na mama mwenye shungi refu anauinamisha mmoja polepole ili povu lisimwagike. Kichwa cha binadamu huimaliza kazi hiyo kwa kufumba na kufumbua, wala hakidai malipo.

Tangu mwaka 2022 kampuni kubwa, vyuo vikuu na vijana wenye kompyuta moja wamekuwa wakikimbizana kuifundisha mashine mchezo huohuo: uipe wazo, ikupe video. Katika mbio hizo rekodi zimevunjwa haraka kuliko zinavyoandikwa. Tumezikusanya zile zinazostahili kukumbukwa, na kila panapofaa tutaitanguliza sentensi yetu ya Modogashe tuone ingepokelewaje. Mji huu, makao makuu ya Lagdera katika kaunti ya Garissa, ni kipimo kizuri. Uko mbali na kila studio, na mwenyeji wake hadanganyiki kuhusu ngamia.

1. Babu wa wote: sekunde 50

Tarehe 28 Desemba 1895, ndugu Auguste na Louis Lumière walionyesha filamu kumi katika Grand Café jijini Paris, na watazamaji wakalipa kiingilio. Kila filamu ilidumu sekunde 50 hivi, kwa kuwa mkanda wenyewe ulikuwa wa mita 17 tu. Wafanyakazi wanatoka kiwandani. Mtoto analishwa. Mtunza bustani analoweshwa na mpira wake mwenyewe wa maji. Wazo moja, kipande kimoja, kamera haisogei.

Hizo sekunde 50 ndizo fimbo yetu ya kupimia. Akili mnemba ilihitaji hadi Februari 2024, miaka 128 baadaye, ndipo ionyeshe video ndefu kuzidi hapo yenye sura ya kuaminika. Lakini tuwe waadilifu: Lumière alimkuta mtu amesimama mbele yake akazungusha mkono wa kamera. Mashine haina mtu mbele yake. Inamtoa hewani.

2. Mzigo mzito kuliko wote kubebeshwa sentensi

Tufanye hesabu ya dukani. Fremu moja ya video ya 1080p ina pikseli 1,920 kwa 1,080, yaani 2,073,600. Sekunde moja ina fremu 24, dakika moja ina 1,440. Zidisha, unapata karibu pikseli bilioni 3. Sentensi yetu ya maneno 11 inatakiwa iamue rangi ya kila moja.

Mbinu inayotumika sana huanza na chenga, zilezile za televisheni ya zamani upepo unapoipindua antena. Mashine huzisafisha hatua kwa hatua, ikikisia kila mara: kama humu ndani mna mama, maziwa na jua linalozama, ni chenga zipi za kuondoa? Mbinu hii ilipendekezwa mwaka 2015 na kukomaa mwaka 2020 kwenye picha tuli. Video ikaleta tatizo jingine, la kumbukumbu. Mtungi ulio wa manjano kwenye fremu ya kwanza sharti ubaki wa manjano kwenye fremu ya elfu, hata kama katikati mbuzi amepita mbele yake.

Kwa kuwa hakuna kompyuta ya kuzisafisha pikseli bilioni 3 mojamoja, video hukandamizwa kwanza. Modeli ya Meta ya mwaka 2024 hupunguza mara 8 kwa urefu, mara 8 kwa upana na mara 8 kwa muda, jumla mara 512. Mashine huchora ule muhtasari, kisha muhtasari hufumuliwa kuwa video. Vitu vidogo hupotelea hapo: vidole, meno, shanga za mkononi.

3. Kubwa ya kwanza kuacha mlango wazi

CogVideo ya Chuo Kikuu cha Tsinghua, Beijing, ilitolewa Mei 2022 ikiwa na vigezo bilioni 9.4 (nambari inazojirekebishia wakati wa kujifunza), na yeyote aliruhusiwa kuichukua. Ilitoa fremu 32 kwa kipande cha sekunde nne, za pikseli 480 kwa 480. Kwa macho ya leo ni kama kuchungulia kupitia kioo chenye mvuke.

Kinachovutia ni lugha yake. Modeli hii iliandikiwa kwa Kichina, na asiyekijua alilazimika kutafsiri kwanza. Kwa hiyo anayedhani mashine hizi zilizaliwa zikisema Kiingereza pekee, na arudi kwenye kumbukumbu: lugha ya mashine ni ile aliyoamua aliyeilisha.

4. Wiki yenye mbio kali kuliko zote

Tarehe 29 Septemba 2022 Meta ilitangaza Make-A-Video. Hata wiki haikwisha. Tarehe 5 Oktoba Google ikajibu kwa Imagen Video, fremu 128 kwa kasi ya fremu 24 kwa sekunde. Siku hizohizo ikaja Phenaki, nayo ya Google, iliyopokea maelezo mengi kwa mfuatano, kama mtu anayesimuliwa hadithi, na kutoa video ya zaidi ya dakika mbili. Picha zake zilikuwa na ukungu, lakini wazo lilikuwa la msimulizi: kwanza mama anafika, kisha anatua mtungi, kisha mteja anakuja. Wanaounda vyombo vya kugeuza mawazo kuwa matukio ya video hadi sasa wanapita njia hiyo.

5. Sahani iliyochekwa kuliko zote duniani

Machi 2023 mtu mmoja aliiambia modeli ya ModelScope, iliyotokana na Alibaba, imwonyeshe mwigizaji Will Smith akila tambi. Matokeo yalitembea dunia nzima. Tambi zilimea kutoka shavuni, mdomo ulihama, uma uliyeyuka. Tangu hapo kila modeli mpya hupewa tambi zilezile kama mtihani wa kuingia darasani. Februari 2024 Will Smith mwenyewe akajirekodi akila tambi kwa fujo ili kuigiza mzaha huo.

Chakula na kimiminiko ni mtihani mgumu kwa sababu kitu kinabadilika umbo na bado ni kilekile. Maziwa yetu ya ngamia yangefeli vibaya siku hizo: yangepanda juu badala ya kushuka, au kikombe kingejaa kabla mtungi haujainamishwa.

6. Ndefu kuliko zote kwa pumzi moja

Tarehe 15 Februari 2024 OpenAI ilionyesha Sora: hadi dakika nzima, bila kukata na bila ukungu wa Phenaki. Juni mwaka huohuo Kuaishou ya China ikaleta Kling na kutangaza hadi dakika mbili. Rekodi ya dakika ilidumu karibu miezi minne tu.

Lakini soma maandishi madogo. Sora ilipofunguliwa kwa wateja tarehe 9 Desemba 2024, kikomo kilikuwa sekunde 20. Maonyesho ni maonyesho, duka ni duka. Na siku ile ya kwanza OpenAI yenyewe ilikiri udhaifu mmoja ambao mama wa Modogashe angeuelewa papo hapo: mtu anaweza kung'ata biskuti, na biskuti isionyeshe alama ya meno. Kwa mizani ya maziwa, anaweza kumimina lita tano na mtungi ubaki umejaa. Mfanyabiashara gani asingependa mtungi kama huo?

7. Nzito kuliko zote, na jua la Garissa

Uzito wa modeli hupimwa kwa vigezo, yaani zile nambari inazojirekebishia wakati wa kujifunza. Movie Gen ya Meta, iliyotangazwa Oktoba 2024, ina bilioni 30. Step-Video-T2V ya kampuni ya China ya StepFun ilifikia idadi hiyohiyo Februari 2025, tena ikatolewa wazi. Kwa zile zilizotaja uzito wao hadharani, hizi ni ndovu.

Ndovu hula. Meta ilieleza kwamba katika kuifunza Movie Gen ilitumia hadi chipu 6,144 za Nvidia aina ya H100, kila moja ikivuta hadi wati 700. Hiyo ni megawati 4.3 kwa chipu peke yake.

Sasa twende Garissa. Nje kidogo ya mji huo, tarehe 13 Desemba 2019, kulizinduliwa kituo cha umeme wa jua chenye uwezo wa megawati 54.66: paneli 206,272 kwenye hekta 85. Siku ya uzinduzi kilitajwa kuwa kikubwa kuliko vyote vilivyounganishwa na gridi katika Afrika Mashariki na ya Kati. Kwa hesabu hiyo, jua la Garissa likiwa utosini lingeweza kubeba mafunzo kama yale kumi na mawili kwa mpigo, ukiziacha mashine za kupoza joto, na ukisahau kwamba magharibi inaingia kila siku. Kaunti ambayo wengi huitaja kwa ukame tu ina kile ambacho kampuni huzitafutia mashine hizi usiku na mchana.

8. Ndogo kuliko zote yenye maana

Hii ndiyo rekodi ya kijana wa Modogashe. Februari 2025 Alibaba ilitoa Wan 2.1 kwa saizi mbili. Kaka mkubwa ana vigezo bilioni 14. Mdogo ana bilioni 1.3 na anahitaji kadi ya michoro yenye kumbukumbu ya gigabaiti 8.19 tu. Kwenye kadi ya RTX 4090 hutoa sekunde tano za video ya 480p kwa dakika nne hivi. Dakika nne ni muda wa chai kuchemka mara moja, na kompyuta ya michezo ya video inatosha.

Kwa hiyo anayetaka kuunda chombo chake cha kugeuza mawazo kuwa video haanzi na ndovu. Anaunganisha vilivyopo, kama fundi wa baiskeli. Tuseme ameandika ile sentensi yetu. Kwanza modeli ya lugha inaivunja kuwa matukio matatu: mama anafika na mitungi, mama anamimina, mteja anakunywa jua likiwa jekundu nyuma yake. Kila tukio linaandikiwa maelezo yake: nani yuko, kavaa nini, mwanga unatoka wapi, kamera imesimama umbali gani. Maelezo hayo yanaingia kwenye modeli ya video, kinatoka kipande cha sekunde tano. Vipande vinashonwa na FFmpeg, programu ya bure iliyoanzishwa na Fabrice Bellard mwaka 2000, ambayo imejificha ndani ya vyombo vingi vya video unavyovijua. Mwisho sauti na maandishi ya chini.

Ukifika hapo ndipo kichwa kinapoanza kuuma. Tukio la kwanza mama ana shungi la kijani na miaka 40. La pili ana la bluu na miaka 25. La tatu amekuwa mtu mwingine kabisa. Kila kipande hutengenezwa na mashine isiyokumbuka kilichotangulia. Dawa inayotumika ni kutengeneza kwanza picha moja ya mama, kisha kuilazimisha modeli ianzie kila kipande kwenye picha hiyo. Runway ya New York ilipotoa Gen-4 Machi 2025, sifa iliyoitangaza kwanza ilikuwa hiyo: mhusika yuleyule, tukio baada ya tukio. Usishangae. Hadithi isiyo na mhusika wa kudumu ni ndoto ya homa.

9. Yenye mbio kuliko saa

Novemba 2024 kampuni ya Lightricks ya Israel ilitoa LTX-Video yenye vigezo bilioni 2 hivi. Kwenye chipu moja ya H100 ilitengeneza sekunde tano za video ya pikseli 768 kwa 512 ndani ya sekunde mbili. Yaani unaitengeneza upesi kuliko unavyoweza kuitazama. Siri yake ni kukandamiza kwa nguvu zaidi ya wenzake. Bei yake unaijua: mkandamizo ukizidi, uso wa mtu wa mbali hugeuka uji.

10. Iliyovunja ukimya

Hadi hapo nyingi zilikuwa bubu; sauti ilipachikwa baadaye. Tarehe 20 Mei 2025 Google ilizindua Veo 3, ikitoa vipande vya sekunde nane pamoja na sauti zake: mazungumzo, nyayo, upepo. Tarehe 30 Septemba mwaka huo OpenAI ikaja na Sora 2 yenye sauti na programu ya simu iliyopakuliwa mara milioni moja kabla siku tano hazijaisha.

Kwa Modogashe, sauti imeongeza mtihani. Ngamia ananguruma vipi anapolazimishwa kupiga magoti? Kengele ya mbao shingoni mwake inalia koko-koko. Haina mlio wa chuma. Mashine iliyosikia kengele za ng'ombe wa Ulaya itakuletea hizo, na mfugaji atacheka kabla hajaangalia picha.

11. Mabaki mengi kuliko yote jikoni

Mwaka 2024 kundi la shy kids la Toronto, Kanada, lilitumia Sora kutengeneza Air Head, filamu fupi ya mtu mwenye puto la manjano badala ya kichwa. Watu waliitazama wakasema kazi ya watengeneza filamu imekwisha. Kisha Patrick Cederberg wa kundi hilo akaeleza yaliyo nyuma ya pazia: kwa kila kipande kilichotumika, vilitengenezwa vingine vingi sana, kwa makisio yake 300 kwa 1. Puto lilibadilika rangi. Mara nyingine lilijichorea uso. Uzi ulijitokeza pasipotakiwa, na mafundi wakakaa kuufuta kwa mkono.

Uwiano huo ungemkatisha tamaa hata mpiga picha wa harusi. Anayeunda chombo cha aina hii na akauahidi umma kwamba wazo moja litatoa tukio moja safi, anauza ng'ombe ambaye hajamkamua.

12. Alama iliyogoma kufutika

Modeli kadhaa za mwanzo zilijifunza kwenye hazina iitwayo WebVid, iliyokusanywa na watafiti wa Chuo Kikuu cha Oxford mwaka 2021: klipu milioni 10.7 zenye maelezo mafupi. Klipu hizo zilitoka kwenye duka la picha la Shutterstock, na zilikuwa na alama yake ya umiliki katikati. Modeli zikajifunza kila kitu kwa bidii, pamoja na alama. Ukaomba simba, ukaletewa simba mwenye mwandiko wa Shutterstock kifuani. Hata modeli iliyopika tambi za Will Smith ilikuwa na tabia hiyo.

Ni kichekesho, lakini ndicho ushahidi ulio wazi kuliko wote wa jinsi mashine hizi zinavyofanya kazi. Haziumbi. Zinatapika kwa ustadi zilichokula. Na kwenye hazina ya klipu za kuuza matangazo, ngamia wengi wako mbele ya piramidi na mtalii mgongoni.

13. Kazi ya mapema kuliko zote kaunti ya Garissa

Wengi hudhani akili mnemba imeifikia kaskazini mashariki juzi. Mwaka 2009 shirika la Samasource, lililoanzishwa na Leila Janah mwaka 2008, lilikuwa tayari likijaribu kuwapa wakimbizi wa kambi za Dadaab kazi ndogondogo za kompyuta: kukagua, kulinganisha, kuweka lebo. Hiyo ndiyo kazi ambayo baadaye ikawa mkate wa kila siku wa mashine za kujifunza, maana kabla ya modeli kujua neno "ngamia" sharti mtu aelekeze kidole aseme, huyu ni ngamia. Miaka miwili baadaye Dadaab ilikuwa na rekodi yake ya kusikitisha: kambi kubwa kuliko zote za wakimbizi duniani, karibu watu nusu milioni.

Kazi ya lebo haikuwahi kuwa na marupurupu. Januari 2023 jarida la TIME liliripoti kwamba Wakenya waliochuja maandishi machafu kwa ajili ya ChatGPT walilipwa chini ya dola 2 kwa saa.

14. Foleni ndefu kuliko zote

Modogashe utasikia Kisomali, Kiborana na Kiswahili kwenye kibanda kimoja cha chai. Kwenye Google Translate, Kiswahili kiliingia mwaka 2009, Kisomali mwaka 2013, na Kioromo, ambacho Kiborana ni lahaja yake, mwaka 2022. Miaka 13 ya foleni kati ya wateja wa kibanda kimoja.

Kwa video mambo ni magumu zaidi, kwani sentensi nyingi hupita kwenye Kiingereza au Kichina kabla ya kuwa picha, na kila daraja lina ushuru wake. Mfugaji wa Kisomali hasemi "ngamia" tu. Husema hal akimaanisha jike, awr akimaanisha dume la kubebea mizigo, nirig akimaanisha ndama. Hata Kiswahili chetu kinamdhulumu, maana kwetu wote ni ngamia. Akiandika kwamba awr anakamuliwa, atakuwa ametania. Mashine itatii na kumletea video, nzuri kabisa, ya dume linalotoa maziwa.

15. Viumbe wagumu kuliko wote kuchorwa

Hapa Garissa inaongoza bila mpinzani. Kusini mwa kaunti, katika hifadhi ya jamii ya Ishaqbini, anaishi hirola, paa adimu anayekadiriwa kubaki chini ya 500 wote. Ana tezi nyeusi mbele ya macho, na kwa hiyo wengine humwita paa wa macho manne. Modeli iliyoona mamilioni ya swala wengine humvisha hirola sura za ndugu zake, kama mpiga ramli anayekisia jina la mgeni.

Hifadhi hiyohiyo ilikuwa na twiga weupe, weupe wa kweli, kutokana na hali ya kimaumbile inayopunguza rangi ya ngozi. Machi 2020 ilitangazwa kwamba jike na ndama wake wameuawa. Akabaki dume mmoja, aliyetajwa wakati huo kuwa twiga mweupe pekee anayejulikana duniani, na Novemba mwaka huo akafungwa kifaa cha GPS kwenye pembe yake. Mwonyeshe mtu wa mjini video ya twiga huyo leo, atakwambia umeitengeneza kwa kompyuta. Mwonyeshe video ya kubuni ya ngamia wa nundu mbili akinywa maji Modogashe, huenda akaamini. Ya uongo kuaminiwa na ya kweli kutiliwa shaka: hapo ndipo mashine hizi zimetufikisha kwa miaka michache.

16. Wazo la sentensi moja lililofika mbali kuliko yote

Desemba 2015 wapiganaji walisimamisha basi lililokuwa likielekea Mandera, na abiria Waislamu wakakataa kutenganishwa na wenzao Wakristo. Sentensi moja. Mwaka 2017 wanafunzi wa Hamburg Media School, wakiongozwa na Katja Benrath, waliigeuza kuwa Watu Wote, filamu ya dakika 22 hivi yenye Kiswahili na Kisomali, waliyoipigia Kenya na waigizaji wa hapa. Mwaka 2018 ikateuliwa kuwania tuzo ya Oscar ya filamu fupi.

Hakuna modeli iliyohusika. Kilichoifikisha ni nyuso za watu waliojua namna abiria wa njia ile anavyokaa kitini anaposikia risasi. Wazo lilikuwa jepesi. Kujua ndiko kulikokuwa kuzito.

17. Rekodi iliyo wazi

Ukizitazama rekodi zote hizi kwa pamoja utaona zinapima sekunde, pikseli, vigezo, kasi na idadi ya wapakuaji. Hakuna anayepima kama mahali palipotajwa kweli pameonekana. Kwa hiyo tunatangaza rekodi ambayo haijachukuliwa na mtu: video ya kwanza ya Modogashe ambayo mtu wa Modogashe hataisahihisha.

Mji huu unajua kuandika masharti. Tamko la Modogashe la mwaka 2001, ambapo jamii za wafugaji wa kaskazini zilikaa na kukubaliana kuhusu malisho, maji na fidia, limetajwa mara nyingi panaposuluhishwa. Basi masharti ya rekodi yetu ni haya. Sentensi iandikwe kwa Kisomali, Kiborana au Kiswahili, bila kupitia mkono wa mkalimani. Ngamia wakionekana, wawe na nundu moja. Maziwa yakipanda kikombeni, yashuke mtungini kwa kiasi kilekile.

Sharti la mwisho linahusu moshi. Wanawake wa Kisomali na Kiborana hufukiza vyombo vya maziwa kwa kaa la mti mgumu kabla ya kukamulia, ili maziwa yakae bila kuharibika na yapate ladha ambayo mteja huifuata. Kijiti chenye moto huingizwa, chombo kinafunikwa, kinatikiswa, majivu yanapanguswa. Ndani hubaki kweusi. Maziwa ya kwanza yanapotoka huwa na vijichembe vyeusi juu ya povu, kama pilipili manga. Mgeni hudhani ni uchafu. Mwenyeji huvitafuta.

Waamuzi wa rekodi hii wako tayari. Wanakaa njiapanda kuanzia asubuhi, mitungi imepangwa kivulini, na wanapoletewa video kwenye simu hawataangalia machweo wala shungi. Watainamisha kichwa waangalie povu.